Siku 30 Kabla ya Doo

Msee akiland wera, base yote inachizi. Ananunuliwa smokie pasua, anaitwa mdosi, kuna hadi kamse kanamkopa soo hapo hapo na bado hajachapa hata siku moja. Wiki mbili baadaye unamcheki amekalia ile jiwe yake ya kitambo, ngepa imeshuka hadi macho. Hakuna mwenye anamuuliza kitu. Sisi wote tunajua rada. Hajafutwa, hajagombana na mtu. Fare imekatika.

Hata mimi nishakuwa huyo msee. Naishi Kwa Njenga, na wera nilikuwa nimepata Mlolongo, stoo flani ya kupanga makatoni. Mshahara end-month. Sasa cheza na hii hesabu: asubuhi natembea hadi Imara, mat ni 70. Jioni 50, mvua ikikosa kunyesha. Lunch ni chapo mbili na madondo, 70. Hio ni 190 kwa siku, na kwa mwezi tulikuwa tunaingia siku 26. Piga hesabu, inakuja 4,940. Karibu ngiri tano, na hujalipa keja, hujanunua hata sabuni. Na hizo doo unafaa kuwa nazo kabla hujalipwa hata bob moja, yet kenye kilikufanya utafute wera ni kukosa doo.

Siku ya kumi na moja niliishiwa kabisa. Supavaisa alinipigia mara mbili, hakunipata, juu simu nilikuwa nimeachia mama chapo kama rehani ya chapo za siku tano. Nikakopa fare, nikarudi Jumatatu na story ya kuharisha imepangwa vipoa. Nilipata msee mwingine amevaa aproni yangu. Ata haikuwa imefuliwa.

Kuna mabuda hukaa kwa TV wakisema mayut wa siku hizi hawataki kazi. Wakuje Industrial Area, Enterprise Road, saa kumi na mbili asubuhi na baridi. Watapata mayut wamejipanga kwa magate, mwingine amebeba gumboots kwa paper bag, mwingine ameweka ID kwa mkono ndio asisumbuke akiitishwa. Soja anafungua kale kamlango kadogo, anaangalia mikono kabla ya sura. "Nane!" Hakuna kitu ingine anasema. Nane wanaingia, wengine wanahama gate ya next. Ikifika saa mbili hujachukuliwa, unarudi mtaa na miguu ndio usichome ile finje ya kesho.

Na ukichukuliwa, kuna mchezo ingine pale ndani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akichapa wera mfululizo hadi mwezi uishe, huyo si wa kulipwa kwa siku tena, anafaa kuhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, na haki zake. Ni sheria fiti sana. Sasa wewe jiulize mbona kuna makampuni hukushow "enda upumzike kidogo, tutakuita" ukifika siku ya ishirini na kitu. Mimi nilikuwa nadhani wananionea huruma. Siku hizi nawashow mayut waandike tarehe zao zote kwa kitabu, kila siku wameingia na kenye wamelipwa, juu siku ya kubishana kwa ofisi ya leba, mdomo peke yake haisaidii.

Alafu kuna gharama ya kutafuta yenyewe. Certificate ya good conduct ni 1,050, unalipa eCitizen alafu unaenda Huduma Centre kupakwa wino vidole. Hio angalau ni ya ukweli na unapewa karatasi. Wenye wananichoma roho ni wale wa "tuma 500 ya medical, uniform uko nayo kesho". Mathe wa jirani yangu aliuza kuku mbili ndio atumie hao wasee. Mtu akikuitisha doo ndio akuandike, huyo hana kazi ya kukupea. Ni wewe ndio kazi yake.

Serikali imejaribu, sitadanganya. Kazi Mtaani ya 2020, wakati wa Corona, ilitutoa njaa. Ilifika mahali ni 455 kwa siku, unafyeka nyasi, unazibua mtaro, doo inaingia kwa simu. Mtaa ulikuwa msafi hadi wageni wanapotea. Ikaisha, mitaro ikaziba, tukarudi base. Kulikuwa pia na KYEOP, ile project ya serikali na World Bank ya kufunza kazi mayut wa 18 hadi 29. Wengi hukumbuka masomo na vyeti. Mimi hukumbuka ile 6,000 kwa mwezi walikuwa wanapewa wakisoma. Hapo ndio mtu alitumia akili. Unaweza fundisha yut kuchomelea hadi awe engineer, lakini kama hana ya mat hatafika kwa hio chuma.

Sasa sisi kwa base tulikaa chini siku moja, wasee nane, tukaamua tukome kupeana pole. Kila mtu mbao kwa siku. Ata kama umelala njaa, mbao hukosi, na kama ni lazima kuna mtu atakuwekea. Nane mara mbao ni 160, kwa mwezi ni 4,800. Ukiiweka na ile hesabu yangu ya Mlolongo, tuko chini na 140 tu, na hio mtu anaweza ruka lunch siku mbili. Mwenye ameland wera ndio anachukua. Lakini hatumpei zote, tulijifunza vibaya na wa kwanza, alinunua njumu. Siku hizi treasurer anatuma za wiki, kila Jumapili jioni.

Kurudisha hio doo kulileta kelele hadi karibu tupigane. Wengine walitaka irudi mshahara wa kwanza. Nikakataa. Ule wa kwanza hauna mwenyewe: landlord anangoja, deni ya simu inajikata kabla hujaona SMS, mathe ocha ashasikia umeandikwa. Ukimkamua msee hapo, atarudi kwa jiwe. Kwa hivyo anaanza kulipa mwezi wa pili, anagawanya mara mbili. Kufika sai wanne wamepitia hapo. Watatu bado wako kazini. Mwenye hayuko ni yule wa njumu.

Kitu ingine tuliongeza haina bei. Sisi wengi hakuna mtu kwa keja yetu amewahi fanya kazi ya kuripoti saa moja. Hujui unapiga simu kabla ya kuchelewa, si baada. Hujui mdosi akikufokea siku ya tatu si vita, hio ndio salamu yake. Hujui ukikosa kuelewa unauliza, badala ya kukausha alafu unachoma mzigo. Kwa hivyo kila msee mpya anapewa mtu mmoja wa kumwamsha na kumsikiza jioni. Na supavaisa anapewa namba mbili, ya msee na ya huyo mtu wake, ndio simu ikienda rehani kuna mwenye anapatikana.

Wiki hii ameland kale kamse kalikuwa kanakopa soo watu wakiomoka. Ni gereji Kariobangi Light, spana amejifunza kwa macho tu, na bosi amemshow akikaa atamsponsa afanye ile grade test ya NITA. Kwanza Light ni mbali na huku, mat mbili. Treasurer ashatuma ya wiki. Mimi ndio nimepewa kumwamsha, na kajamaa hulala kama gunia. Nimeset simu saa kumi na dakika ishirini. Asiposhika mara tatu, naenda kugonga mabati.