Zege Lina Kalenda Yake: Namna ya Kufuatilia Ghorofa Inayopanda Katikati ya Arua

Tangu Arua, hapa West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, ipate hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, uzio wa mabati umekuwa jambo la kawaida katikati ya mji. Nyuma ya uzio mpango huwa karibu uleule: maduka chini, ofisi au stoo juu yake, kisha vyumba vya kuishi hadi kwenye paa. Hesabu yake inaeleweka. Kiwanja cha mjini hakitanuki, lakini wanaotafuta pa kukaa wanaongezeka: wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Vurra kwenda Aru na Ariwara, Kongo, wale wa Koboko wanaopeleka bidhaa Sudan Kusini kupitia Oraba, watu wa Chuo Kikuu cha Muni, na wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Bidibidi na Rhino Camp. Mwenye kiwanja akikosa pa kutanukia, hupanda juu.

Vijiweni watu huulizana, "Wamefika ya ngapi?" Mhandisi huuliza jingine: sakafu ya juu imemwagwa zege lini, na ile iliyo chini yake ilikuwa na umri gani siku hiyo? Uimara wa ghorofa umo zaidi katika wiki zilizosubiriwa kuliko katika idadi ya sakafu. Na mtu anayepita njia hiyo kila siku anaweza kuzihesabu wiki hizo bila kuvuka uzio.

Kabla ya nguzo ya kwanza

Udongo wa Arua huwadanganya wengi. Maramu, ile changarawe nyekundu tunayoijua, ikikauka Januari hugomea hata sururu, na mwenye jengo huamini amepata mwamba. Mvua zikikolea kati ya Agosti na Oktoba, udongo uleule hulainika. Tena haufanani kila mahali. Juu ya mwinuko unaweza kugusa mwamba mapema, lakini ukiteremka kuelekea mabonde ya mito kama Enyau, unakuta tope na maji karibu na uso wa ardhi.

Kwa hiyo jengo la ghorofa nyingi huanza na wapima udongo, kabla tingatinga halijaja. Hutoboa au kuchimba mashimo zaidi ya moja ndani ya kiwanja, huchukua sampuli, na mhandisi huamua ukubwa wa msingi kwa majibu ya maabara. Uchimbaji wenyewe unapendeza kufanyika kiangazi, kati ya Desemba na Februari, kabla shimo halijageuka bwawa.

Hatari ya hatua hii humwangukia pia jirani. Viwanja vya mjini vimegusana ukuta kwa ukuta, na ukichimba chini ya kina cha msingi wa jirani bila kuushikiza, unaondoa udongo unaoubeba ukuta wake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Taarifa za siku hizo zilitaja kazi ya kuchimba na kupanua sehemu yake ya chini ya ardhi. Jengo hilo lilikuwa linatumika, maduka yamefunguliwa. Basi ukiona shimo refu limefika ukingoni mwa nyumba ya jirani na hakuna ubao, chuma wala ukuta wa kuzuia udongo, usingoje nyufa zijitokeze ndipo upeleke taarifa kwa mamlaka ya mji.

Zege haliwi gumu kwa kukauka

Watu wengi hudhani zege hukaza kwa kuwa maji yameondoka, kama nguo kwenye kamba. Ukweli ni kinyume. Saruji hushika kwa kuungana na maji, na muungano huo huendelea kwa wiki kadhaa. Maji yakitoweka mapema, kazi husimama njiani, na hapo ndipo zege hubaki dhaifu daima hata likionekana gumu kwa juu. Kwa kawaida zege lililotunzwa vizuri huwa na karibu theluthi mbili ya nguvu yake baada ya siku 7. Nguvu aliyoikusudia mhandisi kwenye mchoro hupimwa siku ya 28. Nambari hizo mbili, 7 na 28, ndizo kalenda ya kila ghorofa.

Kwa jua la Arua na upepo mkavu wa Januari, sakafu iliyomwagwa leo inahitaji kumwagiliwa kuanzia mara inaposhika, kwa muda usiopungua wiki moja. Wengine huifunika kwa magunia yaliyoloana, mchanga wenye maji au karatasi ya plastiki. Hili unaliona ukiwa barabarani. Sakafu inayotunzwa hutiririsha maji kingoni, na nguzo zake zimevikwa magunia mabichi. Siku ya tatu ukiona ukingo mweupe, mkavu, unapukutisha vumbi, jua kwamba hakuna anayeitunza.

Kosa la pili hufanyika kwenye mashine ya kuchanganyia. Zege zito linachosha kulisukuma, kwa hiyo kibarua huongeza ndoo ya maji ili liteleze. Maji ya ziada yasiyotumiwa na saruji huacha matundu madogo ndani, na kila tundu ni nguvu iliyopotea. Ndiyo maana kwenye kazi iliyosimamiwa utakuta koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30: huijaza zege bichi, huinua koni, kisha hupima limeshuka kiasi gani. Likimwagika kama uji, mchanganyiko huo haufai kupanda juu. Pembeni utaona visanduku vya chuma vya sentimita 15 kila upande, ambamo hutengenezwa michemraba ya zege lilelile. Michemraba hiyo huvunjwa kwa mashine maabara baada ya siku 7 na 28. Zege la daraja la 25, linalotumika sana kwenye majengo ya namna hii, linatakiwa kuhimili Newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba.

Saruji yenyewe ina lake la kusema. Mfuko wa kilo 50 umeandikwa nambari: 32.5 au 42.5. Ule wa 32.5 ni wa lipu na kujengea matofali. Nguzo, boriti na sakafu za ghorofa zinataka 42.5. Tofauti ya bei kwa mfuko mmoja ni ndogo, kwa mamia ya mifuko inakuwa kishawishi. Na West Nile iko mbali na viwanda: saruji yetu hutoka Tororo au Hima, na hufika kwa lori baada ya kuvuka Nile. Daraja la Karuma, lililojengwa 1963, lilipofungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba hadi Desemba 2024, malori yalilazimika kuzunguka mbali. Nyakati kama hizo ndipo mifuko iliyolala stoo ikashika mabonge hupondwa na kutumiwa, na ndipo ndoo ya saruji katika mchanganyiko hupungua kimyakimya. Saruji iliyokwisha kushika ndani ya mfuko hairudi kuwa saruji.

Mirunda hubeba nini

Tuchukue sakafu ya kawaida, mita 10 kwa 20, yenye unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 30 za zege, na pamoja na nondo zake uzito unakaribia tani 75, yaani mzigo wa malori matatu yaliyosheheni tani 25 kila moja. Siku ya kumwagwa, sakafu haiwezi kujibeba. Mzigo wote unashuka kupitia mirunda ya mikaratusi na kukanyaga sakafu ya chini yake.

Ikiwa sakafu hiyo ya chini ina wiki mbili tu na mirunda yake imekwisha kuondolewa, tunaitwisha mtoto mzigo wa mtu mzima. Kanuni ya kazi nzuri ni kuacha mirunda chini ya sakafu mbili au zaidi, ili mzigo mpya ugawanywe, na kutoing'oa kabla majibu ya maabara hayajaruhusu. Mirunda ya boriti ndefu hukaa muda mrefu zaidi.

Mbona kanuni hii huvunjwa? Kwa sababu mirunda na mbao ni pesa. Mkandarasi mwenye seti moja tu hana namna ya kupanda juu mpaka aivue chini. Mwenye jengo naye ana riba ya benki inayohesabika kila mwezi. Kwa hiyo dalili ya kutazama ni hii: sakafu mbili zimemwagwa ndani ya nusu mwezi, na chini yake kumekwisha kuwa peupe. Hapo mwendo wa kazi unaamuliwa na mfuko wa mtu, wala zege halijaulizwa.

Mfano mzito wa jengo la mjini kuanguka ni wa Dar es Salaam. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilishuka lote chini. Watu 36 walikufa. Hakukuwa na mpangaji hata mmoja ndani. Waliokuwamo ni mafundi, na waliokuwa pembeni ni majirani na wapita njia. Mtu anayesema "mimi sitahamia humo, hainihusu" akumbuke mtaa ule.

Nondo, na tetemeko tulilolisahau

Zege hustahimili kukandamizwa, lakini likivutwa hupasuka. Kazi ya kuvutwa ni ya nondo. Nondo zikilala juu ya mbao, zege halitazifunika kwa chini, unyevu utaingia, kutu itavimba na zege litabanduka. Kwa hiyo huwekwa juu ya vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi wengi huviita biskuti, vinavyoacha nafasi ya milimita 20 au 25 chini ya nondo za sakafu.

Zitazame nguzo kabla hazijafungwa mbao, nondo zikiwa zimesimama wazi. Zile ringi zinazozizunguka zinapaswa kusogeleana zaidi karibu na sakafu na karibu na boriti, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya nguzo. Ringi zikiwa mbalimbali, nguzo ikitikiswa kwa nguvu nondo hutanuka nje na zege hupasuka.

Kutikiswa si habari ya mbali kwetu. Tarehe 20 Mei 1990 kusini mwa Sudan, ng'ambo ya mpaka wa Koboko na Moyo, kulitokea tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7, mojawapo ya makubwa kabisa kurekodiwa barani Afrika. Wakati ule majengo marefu katika miji yetu yalikuwa ya kuhesabika. Uganda ina kanuni ya usanifu wa majengo kwa ajili ya matetemeko tangu 2003, na msanifu wa ghorofa ya Arua au Koboko hana udhuru wa kuiweka kando.

Mpango wetu tunaoupenda, maduka chini na vyumba juu, ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Chini hakuna kuta, ni nguzo na milango ya chuma tu. Juu kuna kuta nzito za matofali ya kuchoma. Ardhi ikisukasuka, sehemu ya juu huenda kama kipande kimoja, na mnyumbuko wote hulimbikizwa kwenye nguzo za madukani. Dawa ipo: nguzo za chini ziwe nene zaidi, au kuwe na kuta za zege kuzunguka ngazi na lifti tangu msingini hadi juu. Kama mchoro wa jengo hauonyeshi chochote cha namna hiyo, mwulize mhandisi.

Kuishi juu

Ghorofa ya makazi haiishii kwenye zege. Maji hupoteza nguvu karibu bari moja kwa kila mita 10 yanayopanda, kwa hiyo ghorofa ya tano haitegemei msukumo wa bomba la mtaani, inategemea pampu na matangi ya juu. Tangi la lita 10,000 likijaa lina tani 10 za maji. Likiongezwa baada ya mchoro kupitishwa, ni mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu. Pampu nayo inataka umeme. Kwa miaka mingi West Nile ilitegemea jenereta na mtambo mdogo wa Nyagak wa megawati 3.5, mpaka mkoa ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2023. Umeme huo ndio uliofanya lifti na pampu ziwe jambo la kupangika hapa, japo jenereta ya akiba bado inahitaji mahali pake. Na kabla ya kupanga, tazama ngazi: kama iko moja tu, nyembamba, na inaanzia ndani ya duka, moto ukiwaka dukani wa juu hawana pa kupitia.

Kibali na tarehe

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya kujenga na kibali kingine kabla ya watu kuingia, na inaweka kamati ya majengo katika kila wilaya na mamlaka ya mji. Sheria ya mwaka 2001 inayohusu kumiliki sehemu za jengo inaruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake ghorofani. Anayenunua humo ananunua pia fungu la nguzo na msingi asiouona, kwa hiyo ana haki ya kuomba majibu ya udongo, majibu ya michemraba na kibali cha kuingia kabla hajatoa fedha.

Kibao cha ujenzi pale mlangoni kwa kawaida hutaja mwenye jengo, mkandarasi, msanifu na mhandisi. Mimi ningeomba kamati zetu za Arua na Koboko ziongeze safu moja tu: tarehe ya kumwagwa kwa kila sakafu, iandikwe siku ileile. Haigharimu zaidi ya kopo la rangi. Mkandarasi anayesubiri hana cha kuficha, na anayekimbia atajikuta anasomwa na mtaa mzima, kuanzia mwuza kahawa hadi dereva wa boda boda, ambao wote wanajua kuhesabu hadi 28.