Afande Mstaafu Anarudi Kuomba Kura: Tumpime kwa Nini?



Katiba yetu imeweka Uchaguzi Mkuu kuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo, uchaguzi unaofuata ule wa 2022 ni tarehe 10 Agosti 2027. Wagombea hawangoji tarehe. Wameanza kuonekana mazishini, kwenye harambee na hata pale tunapopimia majani chai.

Kuna swali moja tunaloulizwa mara kwa mara katika vikundi vya akina mama na vijana. Mtu alikuwa mkubwa wa polisi, akastaafu, akachaguliwa kuwakilisha wadi, na sasa anataka kurudi. Tumpime vipi? Wako wanaosema huyo ni mtu wa nidhamu, hata wezi wa ng'ombe wanamwogopa. Wengine wanalalamika kwamba sare aliivua lakini kuamuru hajaacha. Sisi hatumchagulii mtu kiongozi. Kazi yetu ni kueleza mambo yalivyo, ili kila mmoja aamue mwenyewe akijua.

Baraza la mji lilikwenda wapi?

Wazee bado wanasema "kanjo". Zamani Kericho na Bomet zilikuwa na mabaraza ya manispaa, na miji kama Litein, Londiani na Sotik ilikuwa na mabaraza ya mji. Madiwani walichaguliwa na wananchi, na wao wenyewe wakamchagua meya au mwenyekiti. Mabaraza hayo yalikwisha baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kaunti zilipoanza kazi. Manispaa za leo zinaendeshwa na bodi, na bodi haipigiwi kura na wananchi. Kwa hiyo mtu wetu wa karibu tunayemchagua ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, yule tunayemwita MCA. Kericho ina wadi 30 na Bomet ina wadi 25.

Je, sheria inamruhusu?

Ndiyo, inamruhusu. Kifungu cha 193 cha Katiba kinamkataza mtu ambaye bado ni mtumishi wa umma kugombea kiti hicho, isipokuwa awe tayari ni MCA. Polisi aliyestaafu si mtumishi tena, basi ana haki kama mkulima au mwalimu. Lakini kifungu hicho hicho kinamzuia mtu aliyepatikana, kwa utaratibu wa sheria, kwamba alitumia vibaya ofisi ya umma. Tukumbuke hapo: uvumi wa sokoni haumzuii mtu. Na cheo kikubwa alichokuwa nacho hakimsafishi.

Kazi ya MCA si kuamuru

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na wagombea pia. Mkubwa wa polisi akisema neno, askari wanapiga saluti na kazi inafanyika. MCA hana askari. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka awe karibu na wananchi, asikilize maoni yao, ayapeleke bungeni, kisha arudi kuwaeleza yaliyoamuliwa. Sheria hiyo hiyo inamkataza kuingilia kazi za watendaji wa kaunti au kujifanya mfanyakazi wa kaunti.

Tuseme barabara ya kupeleka majani kiwandani imeharibika kwa mvua. Lori limekwama, majani yanapata joto ndani ya magunia na kuharibika, na jasho la mama aliyechuma tangu asubuhi linapotea. MCA akienda kumfokea mhandisi mbele ya watu, tutapiga makofi. Lakini kama barabara hiyo ni ya kaunti na haimo kwenye bajeti, kelele hizo hazitaleta hata lori moja la changarawe. Kazi yake ilikuwa kuitetea barabara hiyo bungeni kabla bajeti haijapita, halafu kufuatilia pesa zilivyotumika.

Tena, polisi si kazi ya kaunti. Ni kazi ya serikali ya kitaifa. Katiba inasema hata Waziri hawezi kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi ni kesi gani ichunguzwe au ni mtu gani ashikwe. Basi MCA anayeahidi kwamba kijana wako akishikwa atapiga simu kituoni na atatoka jioni, anaahidi kitu ambacho sheria haikumpa. Leo simu hiyo inamtoa mtoto wako. Kesho itamtoa aliyekuibia.

Ujuzi wake unafaa wapi?

Tusimdharau pia. Kifungu hicho cha 9 kinamtaka MCA alete ujuzi wa kazi yake katika mijadala ya bunge. Aliyekuwa polisi anajua taa za soko zinavyopunguza wizi. Anajua pombe haramu inapitia njia zipi, na kwa nini watu wanaogopa kutoa ushahidi. Taa za barabarani, masoko na leseni za pombe ni mambo ya kaunti, na hapo anaweza kutusaidia sana.

Tena Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, yenye wajumbe 2 waliochaguliwa na wananchi na kupendekezwa na bunge la kaunti. Mamlaka hiyo ni mahali pa haki pa kusema juu ya usalama wetu. Swali ni kama mwakilishi wetu aliwahi hata kuuliza bungeni inafanya nini.

Hofu ya zamani

Katika sehemu zetu neno "polisi" lina kumbukumbu nzito. Tumeona ghasia za 1992, na tena za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki iliandika vifo 1,133 nchini kote katika ghasia hizo za 2007 na 2008, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Si haki kumbebesha mtu mmoja makosa ya kikosi kizima. Lakini ni haki kumuuliza waziwazi: ulikuwa kituo gani, wakati gani, na ulifanya nini kulinda watu? Mtu aliyefanya kazi yake vizuri hataogopa swali hilo.

Siku ya kura, afande wa zamani hana amri yoyote kituoni. Ni mgombea kama wengine. Kura ni siri. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza vitisho, na inakataza pia hongo. Sisi tunalima chai, haifai tuuziwe kura zetu kwa "chai".

Sare humsaidia mtu kujulikana, lakini haimhakikishii kurudi. Tuangalie jirani zetu Tanzania: Adadi Rajabu, aliyekuwa mkurugenzi wa upelelezi wa polisi na baadaye balozi, alichaguliwa mbunge wa Muheza mwaka 2015. Mwaka 2020 kiti hicho kilikwenda kwa mwanamuziki, Hamis Mwinjuma.

Mpimeni kwa kazi ya miaka mitano

Anayeomba mara ya kwanza huja na ahadi. Anayeomba kurudi lazima aje na hesabu. Hesabu hiyo mnaweza kuitafuta wenyewe:

1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Wadi yenu ilitajwa?

2. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Aliwaita mkutano mtoe maoni kabla hayajapitishwa?

3. Vikao vya bunge ni vya wazi. Alihudhuria? Alisema nini?

4. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari za serikali kwa barua, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Kikundi kimoja kiandike barua moja. Weka nakala.

Maswali ya kujadili katika kikundi

– Je, tunamwogopa mwakilishi wetu au tunamheshimu? Tofauti ni nini?

– Ni jambo gani moja alilotetea bungeni ambalo sote tunaweza kulionyesha kwa kidole?

– Tukimkosoa mkutanoni, anajibu au anakemea?

Cheo ni dhamana. Aliyekabidhiwa atoe hesabu, na sisi tuliomkabidhi tusione haya kuidai.