Lapi ya Kazi: Wachana na Stika, Uliza RAM

Wasee wengi wakiingia Luthuli kusaka lapi, swali ya kwanza ni "hii ni i ngapi?" Muuzaji anaingojanga hiyo swali. Anakuonyesha stika ya i7, anakuchapa bei ya i7, na unaishia na mashini imechoka kuliko ile i5 ilikuwa hapo kando yake. Hii kitu inaniuma ju najua doh ya lapi ya kwanza inatokanga wapi. Inatoka mjengo, inatoka kwa chama, inatoka HELB, ama mathe ameuza mbuzi huko ocha. Ganji ya aina hiyo haifai kuliwa na stika.

Sibongi kuhusu gemu ama kuedit muvi. Nabonga kuhusu manzi wa Umoja anachapa transkripsheni usiku: odio inacheza, Word iko wazi, Chrome iko na tab ishirini, WhatsApp iko hapo, na saa tatu klayenti wa majuu anataka Zoom. Ama msee wa campo na Excel yake, PDF kumi na YouTube ya lekcha. Moja moja, hizo vitu zote ni laini. Noma inaanza zikikam pamoja.

Penye zinagongananga ni kwa RAM. Icheki kama mat ya 14: ikijaa, makanga anashusha mmoja ndio apandishe mwingine. Lapi ikijaza RAM inatoa kazi zenye hujazigusa, inazitupa kwa diski, na ukizirudia inaanza kuzibeba upya. Hapo ndio unaona kile kiduara kikizunguka na klayenti anauliza kama bado uko. GB 4 siku hizi ni ya kuwasha tu, ju Windows 11 inameza mob kabla ufungue chochote. GB 8 inasukuma kama unafanya kitu moja ama mbili. Ukitaka kuchapa kazi bila presha, enda 16. Na diski iwe SSD, hapo sitaki tubishane, ju hata ile kutupa na kubeba inakuwa fasta.

Sasa hiyo stika. Usisome i5 ama i7, soma namba zenye zinafuata. i5-8250U ni gen ya nane. i7-6600U ni gen ya sita. Kabla ya 2017, i5 na hata i7 za hizi lapi nyembamba za ofisi zilikuwa na kore mbili. Gen ya nane ndio iliwapea nne. So hiyo i5 ya gen ya nane inaacha hiyo i7 mbali sana ukifungua vitu mingi, na bado kuna wasee wanalipa zaidi ndio wapewe i7. Kuna sababu ingine ya kushikilia gen ya nane: Microsoft ilifunga sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali karibu kuanzia hapo tu. Ukiona mali ya gen ya sita imeshuka bei ghafla, jua ni kwa nini. Kama tayari uko nayo, usiitupe. Weka Linux Mint, na Google Docs na Zoom bado zitafanya.

Kenye inanikasirisha zaidi ni zile lapi mpya za prosesa ya Celeron. Ziko kwa boksi, zinang'aa, warantii mwaka mzima, na mzazi anaona amefanyia mtoto poa. Ndani ni kore mbili, GB 4 zimechomelewa kwa bodi, na storeji ya eMMC ya GB 64 yenye Windows ikijiapdeti inajaa. Huwezi ongeza kitu. Hiyo doh ama karibu hiyo, lapi ya ex-UK, ile imetumika ofisi ya huko, inaipiga vibaya.

Na hapo ndio msimamo wangu uko: nunua lapi inafunguka. ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490, zote za 2018, ziko na nafasi mbili za RAM. Unaanza na GB 8 leo, mshahara ukiingia unaongeza stiki ya 8 na unakuwa na mashini ingine. Chunga T480s, ile ina "s" mwisho, ju RAM yake moja imechomelewa na nafasi imebaki moja. MacBook Air M1 ya 2020 ni kali walai, haina feni na betri inakaa, lakini ukibuy ya GB 8 utazeeka na hizo 8.

Kwa duka usione aibu, ni pesa yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia penye wameandika Performance. Prosesa itajitaja jina yote, na kwa Memory utaona nafasi ngapi za RAM zimetumika. Alafu zima, washa, ingia BIOS: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikikudai paswadi, rudisha hapo kwa kaunta na uhepe. Ukiset Windows upya na intaneti ya simu yako, alafu idai email ya kampuni fulani, hiyo bado iko chini ya wenyewe. Hepa pia.

Betri ndio watu husahau, na huku stima inapotea katikati ya dedlaini. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti yenye itakupea. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Kama ya pili ni nusu ya ya kwanza, betri imebaki nusu, na bei ifuate hivyo. Hapa T480 inanibamba kuliko zote: iko na betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na hiyo ya nyuma unaichomoa uweke ingine bila kuzima. Inachajiwa na USB-C pia.

Skrini nayo, kataa 1366 kwa 768. Hata T480 zingine zilitoka nazo, so uliza. Kazi ya kufungua vitu mingi ni kuweka mbili kando kando (unabonyeza Windows na mshale wa kushoto), na kwa hiyo skrini ndogo utasoma nusu sentensi. Taka 1920 kwa 1080.

Ukishakubaliana bei, kabla utume M-Pesa, ambia fundi afungue chini. Cheki nafasi ya pili ya RAM na macho yako, afunge, awashe tena mbele yako. Risiti iandikwe modeli, siriali na siku ngapi za warantii.