Mtoto mchanga mwenye manjano: je, jua la asubuhi linatosha?

Mwanao ana siku tatu, macho yameanza kuwa ya manjano, na bibi anakwambia umtoe nje aote jua. Ushauri huo una chanzo cha kweli. Mwaka 1956, katika Hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward aliwatoa watoto njiti nje. Mmoja wao alipungua manjano mwili mzima, isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka. Kutokana na hapo madaktari wakatengeneza taa ya kutibu manjano.

Rangi hiyo huletwa na bilirubini, taka inayobaki seli nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuitoa haraka. Mwanga wa buluu huibadilisha ili itoke kwa mkojo na kinyesi.

Wenye kamera za zamani nao husafisha lenzi zilizogeuka manjano kwa taa ya urujuanimno. Lakini lenzi haina ngozi. Usimweke mtoto kamwe chini ya taa ya namna hiyo. Itamuunguza ngozi na macho. Taa ya hospitali ni ya buluu, na mtoto hufunikwa macho.

Jua nalo halina kipimo. Ili limsaidie, mtoto angelazimika kukaa uchi kwa muda mrefu: mchana ataungua, na asubuhi za baridi za huku Karagwe atapoteza joto. Wakati huo bilirubini inaweza kuendelea kupanda. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo.

Kwa ngozi nyeusi manjano hayaonekani upesi. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana, bonyeza pua kidogo kisha achia, utazame rangi. Angalia pia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ikiwa manjano yameanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe, yamefika viganjani au kwenye nyayo, hanyonyi vizuri, analala mno, au kinyesi chake ni cheupe. Yakipita siku 14 bado yapo, apimwe pia.

Usimpe maji wala glukosi. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Mkiandikiwa rufaa kutoka Ihembe, msingoje kesho: mfunike vizuri, mshike kifuani, mnyonyeshe njiani.