Chuo kisicho na bweni: nani anabeba gharama ya elimu masafa Kanda ya Ziwa?

Jiji la Mwanza halina uhaba wa vyuo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, madaktari wanafundishwa Bugando, walimu Butimba, wataalamu wa uvuvi Nyegezi, maofisa mipango Kisesa, na vyuo vya fedha, uhasibu na biashara vyenye makao Dar es Salaam vimefungua matawi hapa kimoja baada ya kingine. Lakini mkoa huu, ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu karibu milioni 3.7, si Nyamagana na Ilemela peke yake. Kuna Ukerewe na visiwa vyake, kuna Kome na Maisome upande wa Buchosa, kuna vijiji vya Kwimba na Magu ambako kufika chuoni maana yake ni kuhama nyumbani. Huko ndiko liliko soko la elimu masafa, na ni soko la kweli, lenye watu walio tayari kulipa. Wasiwasi wangu ni mahali fedha za biashara hii zinakoelekezwa. Mtandao na mifumo ya kidijitali vinatajwa katika kila mpango, huku kituo kilicho karibu na mwanafunzi, chenye mkufunzi, meza, umeme na chumba cha mtihani, kikichukuliwa kuwa nyongeza tu. Mimi naona kituo hicho ndicho bidhaa yenyewe.

Tuanze na mahitaji, maana ndiyo nguvu ya biashara hii. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa kutumia taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hukaa ufukweni, kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo kila mwezi ana siku kadhaa za mapumziko, ila siku hizo haziulizi Jumatatu wala Ijumaa, na hazifuati kalenda ya muhula wowote. Mkulima wa pamba hupanda mvua za Novemba na Desemba zikishika, na fedha huanza kuiona msimu wa ununuzi ukifunguliwa mwezi Mei; ada inayodaiwa Oktoba humkuta mikono mitupu. Mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Ukara anayetaka shahada kwa masomo ya kutwa lazima apate ruhusa ya mwajiri, apange chumba mjini, aiache familia na shamba. Kwa watu wote hawa ada ni sehemu ndogo ya gharama. Gharama kubwa ni kazi itakayosimama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kilijengwa juu ya hesabu hiyo: mwanafunzi abaki kazini kwake, chuo kimfuate kupitia vituo vya mikoa, Mwanza kikiwamo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo hufanya hivyo katika ngazi ya sekondari, kwa wanaotafuta Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, na kwa wasichana waliokatiza masomo. Serikali iliporuhusu mwezi Novemba 2021 kwamba mama mwanafunzi arudi katika shule ya kawaida, hitaji la njia hii halikwisha, kwa kuwa mwenye mtoto mchanga bado anahitaji ratiba inayokunjika.

Elimu masafa husifiwa kuwa nafuu. Kwa chuo, sifa hiyo ni ya haki: hakuna bweni la kujenga, hakuna bwalo, na mhadhara mmoja ukirekodiwa huwafikia maelfu. Ila gharama haikufutika, imehamishwa. Mwanafunzi ndiye anayenunua simu janja, ndiye anayetafuta umeme wa kuichaji, ndiye anayelipia bando. Na bando hilo lina VAT pamoja na ushuru wa bidhaa, kwa hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza serikali imeshachukua sehemu yake. Msimu wa mitihani ukifika kunaongezeka nauli. Meli ya Nansio, Ukerewe, hadi Mwanza huchukua takriban saa tatu, na aliyeko Ukara ana kivuko kingine cha kutangulia, kwenye njia ileile ya Bugolora ambako MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Kumtaka mtu wa huko aje mjini kwa mitihani ya siku kadhaa ni kumtaka alipe nauli, nyumba ya wageni, chakula, na kipato cha siku hizo zote. Ukifuatilia shilingi ya mwanafunzi huyu utaona kwamba sehemu nzuri inaishia kwa kampuni za simu, kwa steshenari za kuchapisha moduli, na kwa wenye nyumba za wageni. Hakuna ubaya wao kupata riziki. Ubaya ni kuliita jambo hili rahisi kwa sababu tu malipo hayo hayaonekani kwenye ankara ya chuo.

Kuna gharama nyingine isiyopimwa kwa shilingi, nayo ni upweke. Mwaka 2019 watafiti wawili wa MIT walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa miaka sita wa kozi za mtandaoni za Harvard na MIT. Kufikia mwaka wa masomo 2017/18, waliomaliza kozi walikuwa kama asilimia 3 ya waliojiandikisha. Hata miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza hawakufika nusu. Hizo ni kozi za vyuo viwili vinavyoheshimika duniani, zenye video safi na waalimu mashuhuri, na sehemu kubwa ya wanafunzi wake wana intaneti ya uhakika. Kama somo zuri kupitia mtandao lingetosha, takwimu hizo zingekuwa tofauti sana. Mwanafunzi wa Kome anayesoma takwimu peke yake usiku, asiye na mtu wa kumwuliza swali moja lililomkwamisha wiki nzima, yumo katika hatari hiyohiyo, na mtandao wake hukatika.

Kanda ya Ziwa ililijua jambo hili kabla ya intaneti, na ajabu ni kwamba somo lenyewe halitajwi sana katika mijadala ya leo. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa UNESCO na serikali wa elimu ya watu wazima iliyofungamana na kazi uliweka makao yake Mwanza na kuhudumia mikoa ya ziwa. Vitabu vyake vya kusomea vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, yaani kazi ambazo msomaji alikuwa akizifanya asubuhi ileile. Ulipokwisha, gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza mwaka 1974 ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kuwafikia watu wapatao milioni 2 nchi nzima, lakini hawakuachwa na redio zao: walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kufuatia kipindi. Kisha Novemba 1974, mjini Musoma, TANU iliazimia elimu ya msingi kwa wote (UPE) ifikapo 1977, na walimu wa kutosha hawakuwapo. Suluhisho lilikuwa elimu masafa. Vijana waliomaliza darasa la saba walikabidhiwa madarasa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa posta na redio, wakisimamiwa na waratibu elimu wa kata na walimu waliowatangulia. Hadi katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya 35,000 walikuwa wamefuzu. Najua walimu hao wa UPE walisemwa vibaya, na lawama nyingine zilikuwa za haki, kwa maana walianza na elimu ndogo mno. Hata hivyo, kama kipimo ni idadi ya walioanza na wakamaliza, mpango ule wa barua na redio uliipita kwa mbali ile mitandao ya Harvard na MIT, na tofauti ninayoiona ni mratibu aliyefika kwa baiskeli kuuliza kazi iko wapi.

Mfano wa karibu zaidi unaelekeza kulekule. Mwaka 2016 VETA na Airtel walizindua VSOMO, programu ya kujifunza ufundi kwa simu. Nadharia ilisomwa kwenye simu, lakini ili apate cheti mwanafunzi alitakiwa kwenda kwenye karakana ya VETA akashike vifaa. Waliobuni mpango huo walielewa kwamba simu hufupisha safari, haiondoi karakana. Hali ni hiyo kwa mwanafunzi wa sayansi anayehitaji maabara, na kwa mwalimu anayehitaji kuangaliwa akifundisha.

Wapo watakaosema vituo ni ghali, na kwamba chuo kikianza kupanga majengo kila wilaya kitakuwa kimerudia gharama zilezile kilizotaka kuziepuka. Hoja hii ina uzito kama kituo kinamaanisha jengo jipya lenye bango. Lakini majengo tayari yapo. Shule za sekondari za kata zimeenea hadi visiwani, na vyumba vyake hukaa wazi jioni, mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo. Bwisya, kisiwani Ukara, ilipata umeme wa jua wa kampuni ya JUMEME mwaka 2016. Kinachokosekana ni malipo ya mkufunzi wa eneo hilo, kompyuta chache na mkataba na halmashauri. Tena kituo hupunguza matumizi: video moja ikipakuliwa mara moja na kunakiliwa kwa wanafunzi thelathini, mabando ishirini na tisa yameokolewa. Wengine watasema mambo yanabadilika haraka, kwamba laini zinazotumia intaneti nchini zimepita milioni 40 na kijana wa leo hujifunza kila kitu kwenye simu. Ni kweli anajifunza mengi. Ila laini si sawa na kifurushi cha kutosha kutazama mihadhara ya muhula mzima, na kujifunza kufunga betri ya sola kwa video ya dakika tano hakufanani na kustahimili miaka ya shahada.

Baada ya gharama na upweke, suala la tatu ni imani ya mwajiri. Wapo wanaoitazama shahada ya masafa kwa jicho la pembeni, ingawa Tume ya Vyuo Vikuu huitambua sawa na nyingine. Kuwakemea hakutasaidia. Uhakiki wa 2017, uliokuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, uliwafundisha waajiri wa nchi hii kuuliza cheti kilipatikanaje. Jibu linaloshawishi ni mtihani uliosimamiwa, mahali panapojulikana, na watu wanaojulikana. Mtihani wa nyumbani kupitia kamera ya simu hauwezi kulitoa jibu hilo kwa sasa. Kituo cha Nansio chenye wasimamizi wake kinaweza, na kinampunguzia mwanafunzi safari ya ziwa.

Fedha za kuanzia si ndoto. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu, unakihusisha pia Chuo Kikuu Huria. Halmashauri zinazohitaji walimu wenye sifa zinaweza kuchangia vyumba, na migodi na viwanda vya samaki vinaweza kuwalipia wafanyakazi wao kwa masharti ya kubaki kazini. Na haraka ipo, kwa kuwa ushindani umeshabadilika. Tangu Juni 19, 2025, daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Sengerema foleni ya kivuko. Mfanyakazi wa huko aliyesoma kwa masafa kwa sababu ya maji sasa anaweza kuyafikiria madarasa ya jioni au ya mwishoni mwa wiki mjini, na vyuo vyenye matawi Mwanza vitamfuata kwa matangazo. Anayeuza masafa matupu atampoteza mteja huyo kwanza. Atakayebaki naye ni yule wa Ukerewe, Kome na Maisome, ambaye hakuna daraja linalomjia, na ambaye kumhudumia bila kituo ndiko kugumu kuliko kote.