Mchelewaji na Faili Lake

Tuseme karani wa Kampasi ya Solomon Mahlangu, pale Mazimbu, anashuka kwenye daladala saa 2:20 asubuhi wakati kazi ilianza saa 1:30. Leo foleni, juzi mvua, wiki iliyopita mtoto aliumwa. Mkuu wake amechoka. Afanye nini?

Kampasi hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa hiyo karani ni mtumishi wa umma, na jibu limo katika Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni zake. Kuchelewa ni kosa la nidhamu, ila la daraja la makosa mepesi, ambayo adhabu zake ni kama onyo, karipio au kuzuiwa nyongeza ya mshahara. Wengi hulichanganya na utoro. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni shtaka jingine kabisa, nalo laweza kumfukuzisha mtu kazi.

Kinachowashinda wakuu wengi ni kuandika. Mtu anafokewa mwaka mzima, mbele ya wenzake, lakini ukifungua faili lake hukuti hata barua moja ya kumtaka ajieleze. Siku mkuu akiamua kumchukulia hatua, ushahidi wake ni hasira tu. Daftari la mahudhurio lililosainiwa, barua ya kujieleza, majibu ya mtumishi, kisha onyo la maandishi: hivyo ndivyo vinavyoipa adhabu uzito wake.

Wapo walioiona njia hiyo ndefu. Februari 2009, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko. Miongoni mwa lawama walizotupiwa ni kuchelewa kazini na matokeo mabaya ya mitihani. Aliyepoteza kazi ni yeye: Rais Kikwete alimfuta kazi. Novemba 2015, Mkuu wa Wilaya ya Kinondoni, Paul Makonda, aliwaweka rumande kwa saa sita maofisa wa ardhi waliochelewa kikao. Wananchi wengi walishangilia, na siwalaumu. Aliyewahi kusota benchi akisubiri afisa ardhi anaijua hasira ile. Lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 humpa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumweka mtu ndani hadi saa 48 kwa ajili ya kulinda amani na usalama. Kuchelewa kikao hakuhatarishi amani ya mtu.

Karani wetu naye asijione yuko salama kwa vile mkuu wake haandiki. Akiadhibiwa na kuona ameonewa, asikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizo ndani ya utumishi wenyewe. Na huko, jambo la kwanza kuombwa ni faili.