Hofu Mwilini: Nguvu Inayoingia na Ustadi Unaotoka

Mtu anaposhambuliwa ghafla, mwili wake huanza kujihami kabla akili haijapata nafasi ya kuipima hatari, kwa kuwa amigdala, yaani sehemu ndogo ya ubongo inayoshiriki kutambua vitisho, huanzisha ishara zinazopita kwenye neva hadi katika tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Mwaka 1915, mwanafiziolojia Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alieleza kuwa mabadiliko hayo humwandaa kiumbe kupigana au kukimbia.

Moyo hupiga mbio, njia za hewa hutanuka, ini huachia sukari, na damu hupungua tumboni ili iongezeke katika misuli mikubwa kama ile ya mapaja. Hata hivyo, nguvu hiyo hudai malipo: vidole hutetemeka, hata kuingiza ufunguo katika tundu la kitasa kukawa kazi ngumu, macho humkazia mshambuliaji mmoja na kumwacha mwenzake aliyeko pembeni, na masikio huweza kupitwa na ukelele wa mtu aliye karibu.

Hali hiyo huwapata hata waliofunzwa. Katika utafiti wa Raôul Oudejans uliochapishwa mwaka 2008, askari polisi wa Uholanzi walikosa shabaha zaidi walipokabiliana na mpinzani aliyeweza kuwarudishia risasi za mazoezi kuliko walipolenga sanamu za kadibodi. Waliofanya mazoezi zaidi mbele ya mpinzani wa aina hiyo waliondokana na upungufu huo, ilhali wenzao waliobaki na kadibodi hawakuondokana nao.

Kwa hiyo, anayejifunza kujilinda hapaswi kungoja hofu iishe, bali ajizoeze kutenda akiwa nayo, chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa mbinu chache na nyepesi zisizotegemea wepesi wa vidole, huku akizoea kutoa pumzi polepole ili mapigo ya moyo yatulie. Kutetemeka si aibu, na njia ya kutoka ikiwapo, miguu ndiyo silaha bora, kwani wahenga hawakukosea waliposema kuwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.